Mke wa Nyumba ya Mlimani, Kama Mwalimu Alivyomtafsiri

Juzi mdogo wangu wa kike alinitumia video kwenye simu, bila salamu wala maelezo, na chini yake akaandika: "Yaya, si njo hii?" Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa. Niliifungua nikiwa jikoni, sombe ya majani ya muhogo ikichemka. Ilikuwa yenyewe. Nyumba kubwa ya mawe juu ya kilima, gari la farasi likipanda polepole ndani ya ukungu, wanawake wenye kofia pana kama ungo. Mtu fulani ameipakia tamthilia yote, sehemu baada ya sehemu, rangi zake zimefifia, na chini yake watu wa nchi ambako huenda sitafika wameandika maoni yao. Nilizima moto nikakaa kuyasoma. Mmoja amesifu nguo na taa za zamani. Mwingine amelalamika kwamba riwaya ilikuwa bora, kwamba waigizaji wamemfanya mke awe mrembo mno wakati kitabuni ni mwanamke wa uso wa kawaida. Na karibu wote wamekubaliana kwamba fumbo lenyewe halikuwa gumu: mke ndiye aliyemwua mumewe, nani asingeona?

Sisi hatukuona hivyo, rafiki yangu. Kule Mangobo, mtaa tulikokulia, mke yule hakumwua mtu, na wapo wazee ambao mpaka leo watakuapia.

Acha nikupeleke. Tulikaa katika uwanja mmoja wenye nyumba tano zilizotazamana, kisima katikati, na geti la bati lililolia kila lilipofunguliwa. Uwanja wa namna hiyo kwetu tunauita lupango. Mimi na mdogo wangu tuliishi na koko, bibi yetu mzaa mama, katika nyumba iliyo karibu na kisima. Siku ilianza kwa mitwangio: huku sombe, kule makemba, ndizi kubwa zilizochemshwa na kupondwa ziwe lituma. Nje ya geti zilipita kengele za toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, ambazo enzi hizo zilikuwa bado nyingi kuliko pikipiki. Halafu ilikuja harufu ya muhogo ulioroweshwa, chachu kali inayokaa puani mpaka ukafika shuleni, na hapo ulijua Mama Kwanga amekwisha kuamka.

Mama Kwanga alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Aliloweka muhogo, akautwanga, akaukanda, akaufunga kwenye majani ya ngongo na kuupika kwa mvuke ndani ya pipa mpaka ukawa kwanga, mkate wetu wa muhogo, kisha akaubeba kichwani kwenda sokoni. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kumwoshea majani. Ujira wangu ulikuwa kwanga ndogo ya mwisho, ya moto bado, iliyonata kwenye vidole. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akifurahi, alikuwa akipiga ulimi kidogo mdomoni, basi.

Mume wake alikuwa mchuuzi wa mtoni. Alipanda na chumvi na sabuni kwa baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, mpaka Opala kwenye mto Lomami, akarudi na mchele na samaki wa kukaushwa. Safari moja hakurudi kwa wakati. Mama Kwanga alimfuata, akamkuta amelala mgonjwa kwenye nyumba ya watu, na akarudi naye juu ya magunia ya mashua, siku baada ya siku, akimpepea na kumnywesha maji kwa kijiko. Muuguzi wa zahanati alisema ni homa ya matumbo na kwamba wamechelewa. Siku ya pili nyumbani Mama Kwanga alimpikia supu ya samaki, mume akanywa nusu bakuli, na kabla jua halijatua alikuwa amekufa.

Katika matanga yale Mama Kwanga hakulia. Hilo ndilo jambo unalopaswa kulikumbuka. Kwetu mjane hukaa chini juu ya mkeka, kichwa kimefungwa, na kila mgeni anapoingia getini hupaza sauti, hata kama koo limekwisha. Yeye alikaa chini, akafungwa kichwa, akatazama mbele. Koko alituambia nyumbani kwamba aliyamaliza machozi yote mtoni. Lakini si kila mtu alikuwa na bibi wa kumweleza.

Hasa Tantine. Ndivyo sisi watoto tulivyomwita dada ya marehemu, aliyekuja kutoka Isangi, kwenye ukoo wao, kulinda matanga mpaka siku ya kuyaondoa, mwaka ukitimia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kicheko kizuri alipokitoa, lakini mwaka ule alikitoa mara chache. Alimpenda kaka yake kuliko watu wote. Alilala katika nyumba moja na mjane, wakala sahani moja, na kila mtu katika lupango alijua kwamba siku ya kuondoa matanga wazee wa ukoo watakuja kukaa kikao. Hapo wataamua kama Mama Kwanga na wanawe wawili watabaki katika nyumba ile au watatoka na mabeseni yao. Na wazee, kama kawaida, wangemsikiliza yule aliyekaa na mjane mwaka mzima.

Katikati ya mwaka huo ndipo tamthilia ilipoanza.

Televisheni ilikuwa ya Papa wa Depo, jirani yetu wa lupango, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na kuuza sukari na mafuta kwa jumla. Mtu mkubwa, mtulivu, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Kila Jumapili saa kumi alasiri aliitoa televisheni kwenye baraza lake, akaiweka juu ya makreti mawili ya bia, akafunika juu yake kitambaa cha maua ili jua lisiguse kioo. Umeme ukikatika, aliwasha jenereta bila kunung'unika. Sisi tulikuja na viti vyetu, mikeka yetu, kalanga zetu, na mama mmoja daima alikuwa na mtoto wa mtu mwingine mapajani.

Tamthilia ilisema Kifaransa, na wengi wetu hatukukijua cha kutosha. Kwa hiyo tulikuwa na Mwalimu. Alikuwa akifundisha darasa la sita, darasa langu, na aliishi nyumba ya tano, peke yake na vitabu vyake. Alisimama upande wa kushoto wa kioo na rula ya mbao mkononi, akasikiliza sentensi, kisha akatupatia kwa Kiswahili, na kwa Lingala pale Kiswahili kilipokuwa baridi. Aliigiza sauti zote. Bwana wa nyumba alimpa sauti ya padri mzee, mpishi sauti ya mtu wa Yanonge anayebishana bei ya samaki. Kwa sababu tafsiri yake ilikuwa nyuma kwa sentensi moja, kicheko katika baraza kilikuja mara mbili: kwanza Papa wa Depo na wanawe na mimi, tuliojua Kifaransa, halafu watu wote.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana tajiri anakufa ghafla katika nyumba ya mlimani. Mpelelezi mwenye fimbo anakuja kutoka mjini kuuliza maswali. Katika nyumba kuna mke kijana, daktari wa familia, mpishi na mdogo wa marehemu. Mmoja wao ametia sumu. Ni kitu cha kawaida, utasema. Ndiyo, lakini hukuwapo kusikia jinsi Mangobo ilivyoupeleleza msiba wa Wazungu kwa sheria za matanga.

"Muliona?" alisema mama mmoja Jumapili ya kwanza. "Bwana yake hata siku tatu hajamaliza mu udongo, yeye iko analala kitandani. Na shuka nyeupe!"

"Na viatu, mama. Mwanamuke wa matanga na viatu mu miguu!"

"Bon, na ile nyumba kubwa vile, mutu amekufa, hakuna hata sufuria moja inje. Batu ya matanga batakula nini?"

"Ule mupolisi na fimbo yake anajichokesha bure. Angekuja kulala pa mukeka na batu, angejua yote kwa siku moja."

Tulicheka mpaka Mwalimu akagonga rula kwenye kreti. Lakini haikuwa mzaha tu. Watu wale walikuwa wamezika wengi. Walijua jinsi huzuni inavyokaa katika mwili, na walipoona mwanamke aliyekaa wima kwenye kiti, macho makavu, akinywa chai, walimhukumu bila kusita. Mke ndiye. Hajalia.

"Munyamaze kidogo," Mwalimu akasema. "Wazungu banaliaka kwa ndani."

Ndipo Tantine, aliyekuwa hajasema neno tangu mwanzo, akauliza kwa sauti ya chini: "Na huyu wetu, yeye naye ni Muzungu?"

Hakunyoosha kidole. Alisukuma midomo tu kuelekea kule Mama Kwanga alikoketi na mtoto wake mdogo mapajani. Kioo kiliendelea, na kwa dakika nzima Mwalimu alisahau kutafsiri.

Kuanzia siku ile hatukutazama tena kitu kimoja. Watu walisema "ule mwanamuke wa filme", na ungeweza kumsikia mwanamke mwingine nyuma yake. Jumapili ya nne ilitupeleka ndani zaidi. Ilionyesha, kama kumbukumbu ya mpishi, jinsi mke alivyopanda ngazi siku ile ya mwisho na kikombe cha supu juu ya sinia la fedha. Kamera ilikaa kwenye kikombe. Mvuke ulipanda. Tantine alisimama, mkeka wake ukabaki umekunjamana.

"Na kaka yangu ilikuwa supu," alisema. Kisha akaingia nyumbani.

Mama Kwanga hakuja tena barazani. Jumatatu hiyo nilimwoshea majani kama kawaida, na jioni nilimwona akirudi sokoni. Beseni lilikuwa bado kichwani, na shingo yake ilionyesha kwamba lilikuwa zito. Jumanne vilevile. Habari ya baraza ilikuwa imefika sokoni kabla yake. Nani atanunua chakula mkononi mwa mtu anayesemwa hivyo? Hakuna aliyemtukana. Walipita tu mbele ya beseni lake wakaenda kwa mwingine. Ijumaa alimwaga muhogo ulioharibika nyuma ya kisima, na kuku wa Papa wa Depo wakala. Mimi niliyekuwa nikilipwa kwa kwanga, siku hiyo niliposhika kwanga yangu, nilisita. Sekunde moja tu. Aliniona nikisita. Nimeandika kurasa nyingi tangu siku hiyo, na bado sijapata maneno ya uso ule.

Koko alisikia. Sikumwambia mimi; alisikia kwa namna bibi wanavyosikia. Jumamosi asubuhi, watu wote wakiwa kisimani, alitoka na kigoda chake, akakiweka mbele ya mlango wa Mama Kwanga, akaita: "Mama, uniletee kwanga mbili na pilipili." Akazifungua pale pale, akala moja yote, bila haraka, akilamba majani. Ya pili aliikata vipande akamwita kila mtoto. "Mutu akule kwanza," alisema, kama alivyozoea kusema kila siku ya maisha yake, "maneno itangoja." Mama Kwanga alisimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili. Wanawake wa kisimani waliangalia ndoo zao. Mmoja wao, yule aliyesema kuhusu shuka nyeupe, alikuja naye akanunua. Halafu mwingine. Aibu yao niliiona kwenye migongo yao, jinsi walivyoinama zaidi ya ilivyohitajika.

Lakini kikao kilikuwa mbele, na Tantine hakuja kununua.

Sasa nikuambie kuhusu kitabu. Mwalimu alikuwa na riwaya yenyewe ambamo tamthilia ile ilitolewa, kitabu kizee kilichotoka katika maktaba ya misheni, jalada limeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Kwa kuwa nilikuwa wa kwanza katika Kifaransa, alinikopesha. Nilikisoma chini ya meza, kwenye miguu ya kitanda, juu ya mawe ya kisima. Sikuelewa maneno yote, lakini kwa mara ya kwanza niliona kwamba nyumba, ukungu, farasi, vyote vilikuwa wino tu, na mtu mmoja alikuwa ameviweka pale. Ilinishika kama homa. Nilifika mwisho wiki moja kabla ya sehemu ya mwisho kuonyeshwa. Nilisoma ukurasa wa mwisho mara mbili, nikakifunga kitabu, nikaenda kwa koko alikokuwa akichambua mbika, mbegu za maboga.

"Koko, ni yeye. Muke njo alimuua."

Hakuuliza mke yupi. Alichambua mbika kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimemwambia mtu, nikasema hapana. Mchana ule alifunika sahani ya lituma na samaki mboto wa kukaanga kwa kitambaa safi, akaipeleka mwenyewe nyumbani kwa Mwalimu, yeye koko ambaye magoti yalimuuma na daima alinituma mimi. Alikaa huko mpaka sahani ikaisha. Walichosema sijui. Jumapili iliyofuata Mwalimu alikuja barazani amevaa koti lake la kufungulia shule.

Jumapili ile ya mwisho lupango wote ulijaa, na jirani wa barabara ya pili walisimama nyuma. Wazee wa Isangi walikuwa wafike Jumamosi inayofuata. Koko alikuwa amemshika Mama Kwanga mkono na kumleta kwa nguvu, akamkalisha mbele, pembeni yake. Tantine alikaa upande wa pili, mikono imekunjwa kifuani. Kati yao kulikuwa na kioo tu.

Ulikuja wakati wenyewe. Mke wa nyumba ya mlimani aliketi dirishani na mpelelezi. Nje mvua. Alisema polepole, kwa Kifaransa ambacho hata mtoto wa darasa la sita alikisikia chote, kwamba aliitia sumu ile katika supu kwa mkono wake, kwamba alisimama mlangoni akamwangalia akinywa, na kwamba angeweza kufanya tena. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tamthilia ianze, akalia.

"Kumbe analia!" watu walinong'ona. "Ona, analia!"

Wote walimgeukia Mwalimu. Alikuwa nyuma kwa sentensi moja, halafu kwa mbili, halafu kwa tatu. Nilifikiri amesahau Kifaransa chake.

"Anasema ivi," alianza. Hakumpa sauti ya kuigiza safari hii. Ilikuwa sauti yake. "Anasema: Mimi njo nilileta ile supu, na mukono yangu. Sikujua. Daktari alinipatia dawa, akasema ni ya homa. Nilimupatia bwana yangu, nikizania atapona. Nilimuangalia akikunywa, nikafurahi. Sasa kila siku najiuliza, juu ya nini sikuonja mbele? Juu ya nini siye mimi nilikufa?"

Papa wa Depo aligeuza kichwa. Mtu yule, ambaye angekuita barabarani kukurudishia punje ya sukari yako, alifungua mdomo. "Mais, Mwalimu, ye anasema..."

"Papa wa Depo," koko alisema bila kumwangalia, "mutoto yako anamwaga kalanga."

Hakuna kalanga iliyomwagika. Papa wa Depo alimtazama koko, akamtazama Mama Kwanga, akafunga mdomo. Akaweka mkono wake mzito juu ya kichwa cha mwanawe mkubwa, na mwanawe naye akanyamaza.

Katika kioo, polisi mmoja aliingia akamshika mke mkono, akamtoa nje kuelekea gari la farasi.

"Na sasa banamushika juu ya nini?" mama mmoja aliuliza.

"Asianguke," Mwalimu akajibu. "Hajakula siku mingi. Banamupeleka mu mugini, akamushitaki daktari mbele ya juji."

"Ah, vizuri! Ule daktari, mi nilisemaka! Na mufuko yake ile!"

"Wewe ulisema ni muke!"

"Mimi? Jamani, mama, usiniseme uongo siku ya Mungu!"

Kicheko kilianza kurudi, na hapo Tantine akageuka. Hakumgeukia Mwalimu. Aliniangalia mimi.

"Wewe, mutoto. Ulisoma kitabu."

"Ndiyo, Tantine."

"Mu kitabu ni vile? Ni daktari?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilifundishwa kanisani na shuleni, tena na koko mwenyewe kwa fimbo ya ufagio, kwamba uongo ni uongo. Nilihisi macho ya Mwalimu juu yangu, na hayakuniomba kitu. Nilimwona Mama Kwanga akitazama mikono yake, ile mikono iliyonasa unga wa muhogo kwenye mikunjo. Nikakumbuka jinsi nilivyosita.

"Ni vile, Tantine," nilisema. "Ni daktari. Iko mu ukurasa ya mwisho kabisa."

Alinikazia macho kwa muda. Kisha akageuka.

Sauti iliyotoka baadaye sikuijua mwanzoni. Nilidhani ni geti. Ilikuwa Mama Kwanga. Alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti mpaka chini, na alikuwa akilia kwa sauti, kilio chenyewe cha matanga, kile kinachoanzia tumboni, akimwita mumewe kwa jina ambalo alimwita wakiwa wawili. Wanawake walifungua vilemba vyao, wakashuka kwenye viti, wakakaa chini kumzunguka. Papa wa Depo alizima televisheni. Matanga yaliyokuwa yamechelewa miezi mingi yalifanyika pale, saa kumi na moja jioni, mbele ya makreti mawili ya bia. Tantine alibaki amesimama. Baadaye, yeye pia aliposhuka chini, watu walimpisha.

Jumamosi wazee walifika. Walikaa kwenye viti vya Papa wa Depo, wakanywa, wakaongea habari za mto, na mwishowe mkubwa wao akamwuliza Tantine: wewe uliyelala naye nyumba moja, unasema nini? Sisi watoto tulikuwa nyuma ya ukuta, tukisikiliza.

"Mimi sina neno na muke wa kaka yangu," Tantine alisema. "Abakie na batoto yake mu nyumba yake."

Ilikuwa imekwisha. Mama Kwanga aliishi katika nyumba ile mpaka wanawe wakawa watu wazima, na pipa lake la mvuke lilichemka kila asubuhi.

Miaka mingi nilijivunia jambo lile kwa siri. Nilijiambia kwamba uongo wangu ndio uliomwokoa, kwamba hiyo ilikuwa riwaya yangu ya kwanza, ya sentensi moja. Kijana anayeandika hupenda kuamini mambo kama hayo. Mpaka nilipopita Isangi, mwaka uliopita, nikaenda kumsalimu Tantine. Amezeeka, macho yamefunikwa na ukungu. Alinishika uso kwa vidole ili anijue, akaamuru niletewe samaki wa liboke, aliyechomwa ndani ya majani, na tulipokuwa tukila tulianza kucheka habari za baraza lile, viatu na shuka nyeupe. Nilijisikia huru. Nikamwambia kwamba nilimdanganya.

"Najua," alisema, akitoa mwiba mdomoni.

"Unajua namna gani, Tantine?"

"Nilisomaka kwa masista, Yanonge. Miaka sita. Kifaransa ya ule mwanamuke nilisikia yote, mpaka neno ya mwisho."

Nilirudisha samaki sahanini. "Sasa juu ya nini ulikuwa unangoja Mwalimu? Juu ya nini uliniuliza?"

"Kumungoja, ni juu alikuwa anasema muzuri kupita ile televizyo." Akacheka kicheko chake kile kizuri. Halafu akaacha. "Nilikuja na moto mu roho, mutoto wangu. Nilitaka mutu wa kuchoma. Sasa nasikia Mwalimu anadanganya. Naangalia Papa wa Depo, mutu mwenye haezi kuiba hata chumvi, ananyamaza. Koko yako na rozari mu shingo, ananyamaza. Nikasema, alors, nimuulize mutoto. Mutoto hawezi kudanganya juu ya mutu mubaya. Na wewe ukadanganya. Sasa mimi niseme nini? Mulikuwa munaishi naye mulango kwa mulango, munanusa chakula yake kila siku. Mimi nilikuwa huku Isangi. Nani alimujua kupita ninyi?"

Aliniongezea samaki.

Lupango ule haupo. Nyumba tano zimekuwa malupango matatu yenye kuta za matofali, kila moja na kisima chake na antena yake, na ukipita Jumapili saa kumi husikii kitu. Papa wa Depo alirudi Butembo. Koko tulimzika mvua ikinyesha. Tamthilia sasa iko mfukoni mwa kila mtu, na yeyote anaweza kuitazama peke yake, vifaa masikioni, na kuwaandikia wageni kwamba mke aliua. Wako sahihi. Ndivyo ilivyo kwenye picha na ndivyo ilivyo kitabuni. Nimesoma maoni yao mpaka mwisho, mamia ya maoni, na sikumwona hata mmoja aliyemgeukia mtu aliyekaa pembeni yake.

Mwalimu alikufa kabla sijaenda Isangi. Namfikiria akiwa amesimama kando ya kioo na koti lake, nyuma kwa sentensi tatu, akitafuta maneno, akiamini kwamba hakuna katika wale wote anayeweza kumpima isipokuwa watoto na muuza sukari. Hakujua kwamba alikuwapo mtu mmoja aliyesikia mara mbili, kwa Kifaransa na kwa maneno ya Mwalimu, na akachagua ya Mwalimu.